Kupimwa Kibofu kwa Kamera: Mambo ambayo Mama na Mlezi Anafaa Kujua

Ikiwa uko jikoni, sokoni au umeketi kando ya kitanda cha mgonjwa, ongeza sauti ya redio kidogo. Jambo la leo ni lile ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona.

Tutazungumzia kipimo cha kuangalia ndani ya kibofu cha mkojo kwa kamera. Madaktari hukiita sistoskopi. Huenda ni wewe uliyeandikiwa kipimo hiki, au ni mtoto wako, au ni baba mkwe unayemtunza nyumbani. Karatasi ya rufaa iko mkobani na tarehe inakaribia. Majirani nao wameshakueleza mengi: kwamba huo ni upasuaji mkubwa, kwamba msichana atapoteza ubikira, kwamba mama hatazaa tena. Mwishowe karatasi inabaki mkobani, na tarehe inapita.

Hilo ndilo linalotupa wasiwasi. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ugonjwa uliojificha kibofuni, ukiachwa miezi na miaka, unaweza kuharibu figo au kuwa saratani iliyoenea. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Kibofu na njia ya mkojo

Tuanze na mwili wenyewe. Kila mmoja wetu ana figo mbili mgongoni, chini ya mbavu. Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo huteremka kwa mirija miwili myembamba hadi kwenye kibofu, na hapo hukusanyika. Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba kati ya mililita 300 na 500, yaani karibu nusu lita. Kisha mkojo hutoka nje kwa mrija mmoja.

Kwa mwanamke mrija huo wa kutokea nje ni mfupi, karibu sentimita 4. Kwa mwanamume ni mrefu, karibu sentimita 20, na hupita katikati ya tezi dume na ndani ya uume. Ndiyo maana wanawake wengi huona kipimo hiki ni rahisi kuliko wanaume wanavyokiona.

Mama, shika jambo hili vizuri. Mwanamke ana tundu la mkojo, na ana njia ya uzazi. Hiyo ni milango miwili tofauti. Kamera hupita kwenye tundu la mkojo peke yake. Haiingii ukeni, haifiki kwenye mji wa mimba, haimwondolei msichana ubikira, wala haimzuii mama kuzaa.

Kipimo chenyewe ni nini?

Daktari hutumia mrija mwembamba, unaokaribiana na penseli kwa unene. Mrija huo una taa ndogo na kamera. Daktari huuingiza taratibu kupitia tundu la mkojo hadi kibofuni, kisha hutazama kuta za kibofu, mara nyingi kwenye skrini kama ya televisheni. Si jambo geni. Daktari Mjerumani, Maximilian Nitze, alitengeneza chombo cha kuangalia kibofu chenye taa na lenzi mwaka wa 1877, na tangu hapo vyombo hivi vimezidi kuwa vyembamba na bora.

Kuna aina mbili. Aina ya kwanza ni mrija laini unaopindika. Mgonjwa mzima hupakwa jeli ya ganzi, akawa macho muda wote, akazungumza na daktari. Aina ya pili ni mrija mgumu usiopindika. Huu hutumiwa hasa daktari anapotaka kufanya kazi zaidi, kama vile kuvunja mawe au kutoa uvimbe. Hapo mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, au hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, sawa na ile ambayo akina mama wengi hudungwa wanapozaa kwa upasuaji.

Kwa hivyo, unapopewa tarehe, uliza swali hili la kwanza: "Daktari, nitapakwa ganzi au nitalazwa usingizi?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha namna ya kujiandaa.

Ni nani hupelekwa kwenye kipimo hiki?

Wa kwanza ni mtu mzima aliyeona damu kwenye mkojo, hata kama ni mara moja tu, na hata kama hakusikia maumivu. Hapa akina mama wengi hukosea. Damu ikitoka bila maumivu, tunaiona si kitu. Au tunanunua dawa za kuua viini dukani, damu inakata, tunasahau. Lakini saratani ya kibofu mara nyingi huanza hivyo hivyo: damu inatoka bila maumivu, inapotea, halafu inarudi baada ya wiki au miezi. Damu kukoma si ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha.

Wa pili ni mtu anayepata maambukizi ya mkojo mara kwa mara, anatibiwa, na tatizo linarudi.

Wa tatu ni mtu anayekojoa kwa shida, kama vile mzee ambaye mkojo wake unatoka kwa nguvu kidogo, anakatikakatika, na usiku anaamka mara nyingi.

Wa nne ni mama anayevuja mkojo, hasa baada ya kukaa na uchungu wa kuzaa kwa muda mrefu. Daktari anaweza kuangalia kwa kamera mahali tundu lilipo kabla ya kupanga kulishona.

Wa tano ni mtu aliyewekewa mrija mdogo ndani ya mwili, kati ya figo na kibofu, labda baada ya kutibiwa mawe ya figo. Mrija huo hauonekani kwa nje, na mtu hupona, akausahau. Usisahau! Ukiachwa kupita muda uliopangwa, huota mawe, huleta maambukizi na huweza kuharibu figo. Mara nyingi huondolewa kwa kutumia kamera hii hii, kwa dakika chache. Kama mgonjwa wako aliwekewa mrija huo, andika tarehe ya kuutoa mahali utakapoiona kila siku.

Na kichocho je?

Wasikilizaji wetu wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta wanakijua kichocho. Mtoto akiogelea au kuvua samaki katika bwawa au mto wenye konokono wanaobeba ugonjwa huu, vimelea hupenya ngozi yake. Baadaye anakojoa damu, hasa matone ya mwisho. Wako wanaodhani kwamba damu hiyo ni dalili ya mvulana kubalehe. Huo ni ugonjwa, na una dawa.

Mtoto wa namna hii hahitaji kamera kama hatua ya kwanza. Mpeleke kwenye zahanati au kituo cha afya apimwe mkojo. Mkojo unaofaa zaidi kwa kutafuta mayai ya kichocho ni ule unaotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Akikutwa na kichocho atapewa vidonge vya prazikwanteli.

Lakini mtu mzima aliyekua na kichocho bila kutibiwa, na sasa anaona damu tena, asijitibu mwenyewe kwa vidonge akaishia hapo. Kichocho kilichokaa miaka mingi kinaweza kuacha makovu kibofuni na hata kuleta saratani ya kibofu. Uvutaji wa sigara pia huleta saratani hiyo. Mtu kama huyo anafaa kuangaliwa ndani.

Maandalizi ya nyumbani

Siku chache kabla ya kipimo utaombwa kupimwa mkojo. Kama kuna maambukizi, hutibiwa kwanza, kwa maana kuingiza chombo wakati viini ni vingi kunaweza kuvisukuma hadi kwenye damu. Ukiambiwa kipimo kimeahirishwa kwa sababu hiyo, usikasirike. Ni kwa usalama wako.

Mwambie daktari mambo haya bila kuficha: kama una mimba au unashuku una mimba, kama una kisukari, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, kama kuna dawa inayokudhuru, na dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba. Taja hasa dawa za kuzuia damu kuganda kama aspirini au wafarini. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Ngoja daktari akuelekeze.

Kama utapakwa ganzi tu, kwa kawaida unaweza kula na kunywa kama siku zote. Kama utalazwa usingizi, ni lazima tumbo liwe tupu. Mara nyingi mgonjwa hukatazwa chakula na maziwa ya ng'ombe kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo, na maji matupu kwa muda wa saa 2. Angalia, tunasema muda wa saa 6. Hatusemi saa sita usiku. Ili usichanganyikiwe, mwombe muuguzi akuandikie: "Mwisho wa kula ni saa ngapi? Mwisho wa kunywa maji ni saa ngapi?" Kisha ufuate alivyoandika.

Kuhusu malipo, uliza mapema. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka wa 2024, ina taratibu zake. Kabla ya siku yenyewe, ulizia katika ofisi ya bima ya hospitali kama kipimo chako kimekubaliwa na kama kuna kiasi utakachojilipia. Ni afadhali kuuliza wiki moja mapema kuliko kurudishwa ukiwa umeshapanga foleni.

Siku ya kipimo

Vaa nguo rahisi kuvua, na ubebe leso au kanga. Ufike na barua ya rufaa, picha ulizopigwa na majibu ya maabara.

Daktari au muuguzi atakueleza kitakachofanyika, kisha utaweka sahihi kwenye fomu ya kukubali. Usiweke sahihi kabla ya kuelewa. Uliza: "Unatafuta nini? Utakata kipande chochote? Kama ukikata, majibu yatatoka lini?" Kuuliza si utovu wa heshima. Ni haki yako.

Utaenda haja ndogo, kisha utalala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na kupanuliwa, na utafunikwa shuka. Ukitaka muuguzi wa kike awe karibu, sema. Utasafishwa kwa dawa, kisha utapakwa jeli ya ganzi, na kusubiri dakika chache ishike.

Mrija unapoingia, vuta pumzi taratibu na ulegeze mwili. Ukijikaza utaumia zaidi. Daktari huingiza maji safi ili kibofu kijae na kuta zake zionekane. Hapo utasikia umebanwa na mkojo sana. Usione aibu na usiogope, kila mtu husikia hivyo. Kwa kawaida kutazama huchukua kati ya dakika 5 na 10. Daktari akiona mahali pa kutilia shaka, anaweza kuchukua kipande kidogo cha nyama kipimwe katika maabara, au kupanga siku nyingine ya kukichukua.

Kipimo kikiwa cha mtoto

Mtoto mdogo hawezi kulala tuli, kwa hivyo kwa kawaida hupewa dawa ya usingizi. Mama anayenyonyesha auulize mapema mwisho wa kunyonyesha. Mara nyingi ni muda wa saa 4 kabla, lakini fuata maagizo ya hospitali yako. Mtoto akilia kwa njaa, shangazi au bibi asimtilie uji kwa huruma. Chakula tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mtoto akiwa usingizini. Waambie wote walio nyumbani.

Usimdanganye mtoto aliye na umri wa kuelewa kwamba mnakwenda kununua peremende. Mwambie kwa maneno machache: "Utalala kidogo, daktari ataangalia pale mkojo unapokaa, na mimi nitakuwepo utakapoamka."

Na kwa wenye watoto wachanga wa kiume: wakati mwingine mtoto huzaliwa na kijiwambo kinachoziba njia ya mkojo. Utamwona akikojoa kwa matone badala ya kurusha, anajikaza, tumbo la chini limevimba, au anapata homa zisizoeleweka. Mpeleke hospitali haraka. Baada ya picha, daktari anaweza kukata kijiwambo hicho kwa kutumia kamera. Kuchelewa huumiza figo ambazo bado ni changa.

Baada ya kipimo

Kwa siku moja au mbili, mkojo unaweza kuwasha na kuwa na rangi ya waridi. Kama umekatwa kipande, damu kidogo inaweza kuendelea siku kadhaa. Kunywa maji mengi, kwa mtu mzima karibu lita 2 kwa siku, isipokuwa kama daktari amekukataza kwa sababu ya moyo au figo. Parasetamoli husaidia maumivu. Wengine hupewa dawa za kuzuia maambukizi. Ukipewa, maliza dozi. Usipopewa, usizinunue mwenyewe.

Aliyelazwa usingizi asirudi nyumbani peke yake. Kwa muda wa saa 24 asiendeshe gari wala pikipiki, asipike kwenye moto akiwa peke yake, na asibebe mtoto mchanga bila mtu wa kumsaidia. Awepo mtu mzima wa kumwangalia.

Rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Huwezi kukojoa kabisa, na muda wa saa 6 hadi 8 umepita.
- Unatoa damu nyingi nyekundu, au mabonge ya damu.
- Una homa au unatetemeka kwa baridi.
- Una maumivu makali ya tumbo au ya ubavu.

Kama kuwashwa kunazidi badala ya kupungua baada ya siku mbili, rudi pia ukapimwe mkojo. Maambukizi huwapata watu wachache kati ya 100, lakini yanatibika yakiwahiwa.

Maswali ambayo akina mama huuliza

Je, nitaumia? Wengi husema ni kukosa raha na kuwashwa, zaidi ya maumivu makali. Ukiumia sana, mwambie daktari asimame kidogo. Atakusikiliza.

Nikiwa katika hedhi je? Kwa kawaida hedhi haizuii kipimo. Mwambie muuguzi, kwa sababu damu ya hedhi ikiingia kwenye mkojo huweza kupotosha majibu ya maabara.

Naweza kunyonyesha baadaye? Ukipakwa jeli ya ganzi, ndiyo, hapo hapo. Ukilazwa usingizi, kwa kawaida unaweza kunyonyesha ukishaamka vizuri na kuwa na nguvu ya kumshika mtoto. Mwulize daktari wako.

Na mambo ya chumbani? Subirini hadi kuwashwa na damu viishe, isipokuwa daktari amewapa muda mwingine.

Kama hawakuona kitu, nilipoteza pesa bure? La, mama. Kuambiwa kwamba kibofu ni kizima ni jibu. Sasa daktari anajua aangalie kwingine, kama vile kwenye figo, nawe unalala bila wasiwasi.

Mambo ya kukumbuka

1. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na hata bila maumivu, ipelekwe hospitali.
2. Kamera hupita njia ya mkojo. Haigusi ubikira wala mji wa mimba.
3. Uliza: ganzi au usingizi? Kisha ujiandae kulingana na jibu.
4. Mtaje daktari dawa zote unazotumia.
5. Baada ya kipimo kunywa maji, na ujue dalili za hatari.
6. Fuata majibu. Kama kipande kilipelekwa maabara, tarehe ya kurudi ni muhimu kama tarehe ya kipimo.

Maswali ya kujadili kikundini

Je, katika kijiji chetu watu husema nini mtoto akikojoa damu? Ni nani anayeweza kumsindikiza mama anayeogopa kwenda peke yake? Je, kuna mtu kati yetu aliyewekewa mrija ndani, na tarehe ya kuutoa inajulikana?

Msikilizaji, kama una karatasi ya rufaa mkobani, itoe leo uangalie tarehe. Ikiwa imepita, rudi pale ulipoandikiwa uombe nyingine.